Vitanda Vinne na Ngazi Moja

Ikulu ile ilijengwa na gavana wa kigeni kwa ajili ya mke ambaye hakuwahi kuipenda. Ramani ilichorwa huko kwao, na mchoraji ambaye hakuwahi kukanyaga huku, naye akaielekeza baraza kwenye jua la asubuhi akidhani watu watataka kuota moto wa bure. Tangu hapo kila kiongozi aliyekunywa chai barazani aliinywa amekunja uso, na magazeti yakaandika kwamba anaitafakari nchi.

Nguzo za mbele ni tupu ndani. Ukizigonga zinaitika kama debe. Paa lina vigae visivyotengenezwa tena popote duniani, kwa hiyo linavuja kwa heshima. Ukiingia mlango mkuu unakutana na ngazi ya mbao, pana kiasi cha kupandwa na mawaziri wanne sambamba bila kusukumana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Inapanda, inapumzika kwenye kituo cha katikati, inapinda, halafu inamalizikia juu kwenye vyumba vya kulala. Picha zote kubwa za taifa zimepigwa hapo. Mabaraza mapya ya mawaziri yalipangwa kwenye ngazi hiyo kama chupa za soda kwenye kreti, na waliofukuzwa walishukia hapo hapo.

Mchwa walianza kuila enzi za kiongozi wa kwanza.

Aliyelijua hilo vizuri ni seremala wa Ikulu, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye kila mtu alimwita Randa. Hata mkewe alimwita hivyo, isipokuwa wakigombana. Hapo alikuwa "wewe baba". Kazi aliipokea kwa fundi mzee aliyekuwa amemtengenezea kiongozi wa kwanza kitanda cha mvule, chenye matendegu manene kama mapaja ya mpiga mieleka. Fundi yule alistaafu akifahamika kwa kitanda hicho. Randa akabaki na ngazi.

Alitoa taarifa. Aliipeleka kwa msimamizi wa nyumba, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona, na ndiyo maana akaitwa Mama Funguo. Mama Funguo alipanda juu na taarifa, akashuka na jibu kwamba Ikulu haina mchwa. Mchwa wako kwenye nyumba za watu. Randa akamfungulia kiganja kilichojaa unga aliouchokoa kwenye kipandio cha tatu. Mama Funguo akautazama, akaupuliza, ukaisha.

Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu mambo yanavyokwenda. Kuomba mbao za ngazi ni kukiri kwa maandishi kwamba nyumba ya dola inaliwa kutoka ndani, na magazeti ya upande wa pili yangeichapa sentensi hiyo kama ilivyo, bila kuongeza hata nukta.

Kisha kiongozi wa kwanza akafa, na wa pili akaingia, mwanajeshi mwenye sauti ya gari bovu. Amri yake ya kwanza ilikuwa kitanda. Hakuna kiongozi anayekubali kulala alipolala mwenzake, maana ndoto zake zinaweza kuwa bado zipo. Mbao zikafika kesho yake asubuhi: mvule mkavu, mnyoofu, wa kutosha na kubaki. Hakuna aliyeuliza swali. Randa akajifunza hapo sheria ya nyumba ile ambayo haijaandikwa popote: anapokanyaga kiongozi panaweza kungoja, anapolala hapangoji.

Akakifungua kitanda cha zamani, akakigonga kila mahali. Kizima kama kilivyozaliwa. Akaenda kuigonga ngazi. Vipandio vya chini vilibonyea kama mkate. Alikaa kitako kwenye sakafu ya karakana baina ya kitanda kizima, mbao mpya na ngazi inayokufa, na kwa mtu mwenye akili timamu hapakuwa na la kufikiri sana.

Alibadilisha ubao wa mchagoni, yaani ule unaosimama kichwani mwa kitanda, akauchonga simba wawili kama alivyoagizwa, akapaka rangi nyeusi zaidi, akakirudisha kitanda juu. Mbao mpya zikaingia kwenye ngazi. Watu wa Ikulu waliona ngazi inang'aa wakadhani imepigwa polishi.

Baada ya miaka kadhaa wa pili akapinduliwa na wa tatu, ambaye aliingia kwa vifaru akihubiri amani na kutaka njiwa kwenye kitanda chake. Randa hakuwahi kuchonga njiwa. Njiwa wake alitoka kama kuku aliyechoka, lakini hakuna aliyethubutu kulisema. Mbao za njiwa zilitengeneza ngazi hadi kwenye kituo. Wa nne alikuwa mtu wa kisasa, akataka mchago wa ngozi wenye vifungo. Mbao zake zikapinda na ngazi na kupanda nayo. Wa tano akaja na serikali ya kubana matumizi, akaagiza kitanda cha kawaida, ubao mtupu wenye mistari mitatu, akapunguza mbao nusu. Kwa sababu ya kubana matumizi, vipandio vitano vya juu vikabaki vya gavana.

Hivyo viongozi watano waliochukiana hadi makaburini walilala kwenye kitanda kimoja, kila mmoja akiamini ni kipya. Kasoro kilikuwa nayo moja. Tendegu la upande wa dirishani lililia kila mtu alipogeuka, na kulikomesha kungemaanisha kukivunja kiungo kilichofungwa na fundi mzee, jambo ambalo Randa hakuliweza moyoni. Kila kiongozi alisikia. Kila mmoja aliamini mtangulizi wake amemwachia kinasa sauti. Kila mmoja aliita usalama, wakakikagua kitanda kwa mashine, wakakuta mbao.

Mambo yangeishia hapo, na Randa angestaafu mwisho wa mwezi kama alivyopangiwa, kama Mheshimiwa wa Tano asingeamua kuifungua Ikulu kwa wananchi. Kwenye chumba kimoja huko juu, ambamo mke wa gavana alikuwa akichora maua ya kwao, wananchi wangeona vitanda vya viongozi wanne waliopita vimepangwa mstari mmoja, wajifunze kwamba madaraka hupita. Cha tano hakingekuwepo. Madaraka hayo yalikuwa bado hayajapita.

Mama Funguo alimletea Randa habari karakanani. Alimwambia avitoe vitanda stoo, avipanguse, na akishamaliza aende zake salama, kibarua chake kimeisha. Randa alisema sawa. Stoo mlikuwa na mbao nne za mchagoni zimeegemea ukuta. Kitanda chenyewe Mheshimiwa alikuwa amekilalia.

Nyumba ya Randa ilikuwa nyuma ya jenereta la Ikulu, ndani ya ukuta. Mkewe alikuwa mkuu wa dobi hadi miguu ilipomkatalia. Kwa miaka yote waliyokaa humo, ndugu akitaka kuja alianza kuomba kibali wiki moja kabla, akapekuliwa langoni, akahojiwa. Mjukuu wao wa kwanza alipoulizwa madhumuni ya ziara alijibu, "Bibi," wakamrudisha kwa maelezo yasiyojitosheleza. Sasa walikuwa na nyumba yao ya vyumba vitatu pembeni mwa mji, ukuta kwa ukuta na binti yao. Mama huyu alikuwa amefunga mizigo muda mrefu. Masufuria yalikuwa kwenye magunia. Alipikia moja tu, na alilifunga tena baada ya kula.

Randa alimkuta anakunja kanga. Akamweleza kilichotakiwa, kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayetafuta pa kuweka mguu kwenye matope.

"Vitanda vinne," mkewe alisema bila kuacha kukunja. "Na wewe unacho kimoja."

Randa alikodoa macho. "Umejuaje?"

"Nimefua mashuka ya wanaume watano yanayolingana mpaka kwenye pindo. Ulidhani nilidhani walizaliwa kwa rula moja?"

"Na hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Randa aliketi juu ya gunia la masufuria, likampigia kelele. Alisema wakigundua watamweka ndani, na kama si ndani basi hapo hapo nyuma ya jenereta, achunguzwe hadi afe. Mkewe aliweka kanga chini.

"Sikiliza, wewe baba. Mimi mizigo nimefunga. Sifungui hata gunia moja. Fanya utakavyofanya, mwisho wa mwezi nitoke langoni bila mtu kunishika begi."

Randa akaenda kufanya. Alichukua mbao nyepesi za makasha yaliyoleta jenereta jipya, akaunga vitanda vinne kwa misumari na aibu, akafungia kila kimoja mchago wake wa kweli. Mkewe akashona vitandiko virefu vya kufika sakafuni ili yale maandishi ya "Weka upande huu juu" yasionekane. Kwa mbali vilipendeza. Kwa karibu palikuwa na kamba ya kuzuia watu wasifike karibu. Kilichomkosesha raha Randa zaidi ni vile vipandio vitano vya juu, ambavyo sasa vingekanyagwa na umma. Alikwenda kwa Mama Funguo kumkumbusha. Mama Funguo alimkumbusha kwamba Ikulu haina mchwa.

Siku ya ufunguzi wageni walialikwa kwa uangalifu. Kiongozi wa kwanza na wa tatu walikuwa wamekufa. Wa nne alikuwa nje ya nchi kwa matibabu ambayo yangeisha pale kesi yake itakapofutwa. Akaja wa pili tu, yule wa sauti ya gari bovu, sasa mzee wa mkongojo aliyerudi kutoka uhamishoni akiwa na miwani minene na hana meno ya kung'atia mtu. Ndiye aliyemfunga Mheshimiwa wa Tano enzi za ujana wake, kwa kosa la kucheka kwenye gwaride. Walisalimiana mbele ya kamera kwa mikono yote minne, kila mmoja akiangalia sikio la mwenzake.

Hotuba zilitolewa chini. Wageni wakasogezwa barazani kunywa chai na kukunja uso. Mheshimiwa akampandisha Mzee juu yeye mwenyewe, amwonyeshe madaraka yaliyopita kabla ya umma kuyaona. Walipanda polepole, wakishikilia ubao wa pembeni. Mama Funguo alifuata na funguo zake, Randa nyuma yake na nyundo, kwa kuwa aliambiwa awe karibu. Vile vipandio vya juu aliviombea kimoyomoyo, na kwa kuwa Mzee alikuwa mwepesi kama gazeti na Mheshimiwa alipita kandokando ya ukuta, vikavumilia.

Mzee aliona simba wake. Akavuka kamba kama vile haipo, akageuka, akaketi. Mbao za makasha zikashuka kidogo zikanyamaza. Akajitikisa. Akajitikisa tena.

"Hiki si changu," alisema.

Mama Funguo aliangua kicheko cha heshima, kile cha kuwafariji waliokula chumvi nyingi.

"Usinichekee, mwanangu. Changu kilikuwa kinalia. Ukigeukia dirishani kinalia, kama mtu anayetaka kukuambia neno halafu anaghairi. Nimewafukuza maofisa usalama kwa ajili ya mlio ule."

Mheshimiwa wa Tano alikuwa anasoma maelezo ya njiwa. Aliacha. Wiki iliyotangulia tu na yeye alikuwa amemhamisha mkuu wa usalama, na sababu hakumweleza mtu.

"Kinalia upande gani, umesema?"

"Dirishani."

Mheshimiwa alimshika Mzee mkono, akawaambia walinzi wa pale juu wageukie ukuta, akaelekea chumba chake. Mama Funguo alifungua mlango. Randa aliingia kwa sababu hakuna aliyemwambia asiingie, na pia kwa sababu miguu ilikuwa imekata shauri bila yeye.

Wale wawili waliketi ukingoni mwa kitanda, bega kwa bega, kama ndugu wanaosubiri mgonjwa atolewe wodini. Mzee akaegemea dirishani. Kitanda kikataka kusema neno, kikaghairi.

"Ndicho hicho," Mzee alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuunguruma.

Mheshimiwa alimtazama Randa. Alikuwa mtu aliyeomba kura akiahidi kwamba hatagusa hata kijiko cha waliomtangulia.

"Fundi. Mbao za vitanda vipya, zote hizo, ziko wapi?"

Randa aliishusha nyundo sakafuni.

"Mheshimiwa, mmezipanda."

"Tumefanyaje?"

"Mmezipanda kuja huku juu. Kitanda cha Mzee ni vipandio vya chini. Njiwa anafika kituoni. Wa nne amepinda na ukuta, na chako kimefuata kidogo. Ngazi iliomba mbao, ikanyimwa. Vitanda havikunyimwa."

Mzee ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha kwikwi kilichokiliza kitanda mfululizo. Mheshimiwa hakucheka. Ilionekana anapiga hesabu. Akilitangaza hili, nchi itajua kwamba amelalia jasho la aliowaita wanyonyaji. Asipolitangaza, kuna seremala mmoja ambaye anajua, na seremala huyo anatoka mwisho wa mwezi.

"Hutoki langoni," alisema mwishowe. "Wewe na mkeo. Mpaka nijue la kukufanya."

Randa aliona magunia yake yote yakifunguliwa. Alifikiri namna ya kumweleza mkewe, hakuipata hata moja isiyohusisha sufuria kurushwa.

Wakatoka. Mheshimiwa alitangulia kwa hasira, na hasira haipiti ukutani, hupita katikati. Randa alisema kwa adabu, "Mheshimiwa, hicho kipandio cha pili ukiruke." Mheshimiwa alijibu kwamba hatafundishwa kutembea na seremala, na alikuwa hajalimaliza neno la mwisho ngazi ilipomeza mguu wake hadi juu ya goti.

Walinzi waligeuka, wakachomoa silaha, wakazielekeza kwenye ngazi.

Mzee aliketi kwenye kipandio cha juu akamshika Mheshimiwa koti kwa nyuma, asizame zaidi. Chini kabisa, barazani, vijiko viligonga vikombe. Randa alikimbilia msumeno mdogo karakanani, akarudi, akapiga magoti, akaanza kuukata ubao kuuzunguka mguu wa taifa. Unga ulimiminika kila upande.

"Kuna kitu humu kinatembea," Mheshimiwa alisema, kwa sauti ya chini ambayo haijawahi kusikika redioni.

"Ni mchwa, Mheshimiwa."

"Ikulu haina mchwa," Mama Funguo alisema, kwa mazoea tu.

Mheshimiwa alimgeukia. "Mama, wako kwenye soksi."

Msumeno uliendelea. Mheshimiwa akauliza, akiangalia mbele, ni mbao kiasi gani zinahitajika kuimalizia. Randa akasema kitanda kimoja. Kizima, si nusu.

"Mama Funguo," Mheshimiwa alisema, "naagiza kitanda kipya. Kikubwa. Mbao zije kesho."

"Weka simba," Mzee alishauri kutoka nyuma.

Ubao ulikuwa umebakia kushikwa na kipande kisichozidi kidole gumba. Randa aliusimamisha msumeno. Hakuuondoa.

"Na mimi, Mheshimiwa? Mke wangu amefunga mizigo."

Mheshimiwa alitazama msumeno. Akatazama pale mguu ulipoishia. Chini mtu alisikika akiuliza kama wageni wanaweza kuanza kupanda.

"Ukikimaliza kitanda, uende."

"Ngazi," Randa alisema.

"Kitanda."

"Kitanda," Randa alikubali, akakata.

Taarifa ya Ikulu ilisema Mheshimiwa alisimama kidogo kwenye ngazi ya kihistoria kuwakumbuka waliotangulia. Wananchi waliambiwa warudi mwezi ujao. Magazeti ya upande wa pili yalipopata habari za kitanda kipya yaliandika kurasa tatu mfululizo juu ya kiongozi wa kubana matumizi anayejitandikia mvule wakati hospitali hazina magodoro, na wabunge wakapiga meza. Mheshimiwa alivumilia yote kimya. Alikuwa na jibu zuri sana, na hakuweza kulitumia.

Randa aliifanya kazi ile kwa raha ambayo hakuwahi kuwa nayo, mchana kweupe, mbele ya watu, akijibu kila aliyeuliza kwamba anatengeneza kitanda. Watu walimtazama anavyogongelea kipandio, wakasema kinapendeza. Alipomaliza cha mwisho alipanda na kushuka katikati kabisa, akapitisha kiganja kwenye ubao wa pembeni kutoka juu hadi chini, akakusanya zana zake. Mama Funguo alimsindikiza hadi kwenye gari la mizigo na kumpa mkono, huku funguo zikisema kwa niaba yake.

Langoni hakuna aliyeshika begi la mtu. Mkewe alikaa mbele na dereva, sufuria la mwisho mapajani, hakugeuka nyuma.

Wajukuu walikuwa wameketi kizingitini gari lilipofika, na hawakuondoka. Waliingia bila kubisha, wakatoka, wakaingia na wenzao, wakafungua magunia ambayo hayakuwahusu, wakapiga masufuria, wakala, wakalala popote usingizi ulipowakuta. Bibi yao aliwaangalia tu, mikono imelegea, kama mtu aliyemaliza kazi. Jumapili jioni alimkuta Randa nje, ananoa patasi.

"Mume wangu," alisema kwa upole usio wa kawaida, "pale mlangoni hapawezi kuwekwa lango? Dogo tu."